Kinena kinauma miezi tisa: nifanye mazoezi au niendelee kupumzika?

Swali: Jambo daktari. Nina miaka 34, naendesha boda hapa Malaba, na Jumapili nacheza namba mbili kwenye timu ya steji yetu. Sasa ni miezi tisa kinena cha kulia kinaniuma, juu kabisa pale paja linapoungana na mwili, upande wa ndani. Asubuhi kunakuwa kumekaza, nikitembea kidogo kunalegea, jioni kunauma tena. Kliniki walisema kuna uvimbe wa ndani, wakanichoma sindano za diklofenaki. Zikiisha nguvu maumivu yanarudi. Nimepiga ultrasaundi, hakuna ngiri. Niliacha mpira miezi miwili mizima, niliporudi sikumaliza hata kipindi cha kwanza. Mwenzangu mmoja ananiambia nijinyooshe sana, mwingine anasema nikifanya mazoezi nitakata mshipa. Je, mazoezi mepesi yanaweza kuniponya kweli? Na hii kitu haiwezi kuharibu nguvu za kiume?

Jibu: Ndugu yangu wa Malaba, ndiyo, mazoezi yanaweza kukuponya. Kwa aina ya maumivu uliyoyaeleza, hayo ndiyo tiba yenye ushahidi mzuri kuliko nyingine yoyote tuliyo nayo. Ila ujue mapema kwamba yataanza mepesi lakini hayatabaki mepesi. Mtu anayebana mpira katikati ya magoti kwa wiki mbili, akasikia nafuu, akaona kazi imekwisha, huwa anarudi msimu unaofuata na kilio kilekile. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, siandiki dawa, kwa hiyo kwenye dawa nitapita haraka na kwenye mazoezi nitakaa.

Kwanza tuhakikishe tunazungumzia kitu kimoja. Kinena ni njia panda: misuli ya paja, misuli ya tumbo, kiungo cha nyonga, njia ya ngiri, mishipa ya fahamu, tezi za mtoki na korodani, vyote vinapeleka maumivu sehemu hiyohiyo. Ndiyo maana watu wanatembea na maumivu ya kinena mwaka mzima, kila wanapokwenda wanapewa jina jipya la ugonjwa. Mwaka 2014 wataalamu 24 kutoka nchi 14 walikutana Doha kwa sababu hiyo hasa, wakakubaliana kuyagawa maumivu ya kinena ya wanamichezo kwa kuangalia yanatoka wapi: misuli ya ndani ya paja, msuli mkubwa unaoinua paja kutoka mbele ya nyonga, njia ya ngiri, au mfupa wa kinena wenyewe. Kando yake wakaweka kiungo cha nyonga, na mwisho sababu nyingine zote zilizobaki.

Maelezo yako yanaelekea kwenye kundi la kwanza, labda na mfupa wa kinena kwa mbali. Misuli ya ndani ya paja ni mitano, na ule unaosumbua zaidi unashikamana na mfupa wa kinena kwa kano nyembamba. Ukikaa na kutanua magoti unaweza kuigusa kano hiyo kwa kidole, inasimama kama kamba. Kano hiyo na ile ya misuli ya tumbo zinakutana mbele ya mfupa huo, ndiyo sababu mgonjwa mmoja anaumia akipiga pasi na akikohoa pia.

Nataka ujipime nyumbani leo jioni. Lala chali mkekani, nyoosha miguu, weka ngumi mbili za mtu mwingine au mpira katikati ya vifundo vya miguu, kisha bana kwa nguvu zako zote kwa sekunde tano. Yape maumivu alama kuanzia 0 hadi 10. Iandike hiyo alama mahali, kwa sababu ndiyo itakayokuwa saa yako ya ukutani kwa miezi mitatu ijayo. Kama maumivu yanatokea palepale unapopajua, na ukiibonyeza ile kano kwa kidole unaruka, basi tunaongea lugha moja. Kisha lala vilevile, vuta goti la kulia kifuani na uzungushe unyayo kuelekea nje, ili paja lijizungushe ndani. Kama maumivu unayoyajua yanatokea hapo, ndani sana, kiasi kwamba huwezi kuyaonyesha kwa kidole kimoja, kiungo cha nyonga kinahitaji kupigwa eksirei kabla hujaendelea na mpango wangu. Halafu kohoa kwa nguvu huku umeweka kiganja juu ya mkunjo wa kinena. Ultrasaundi haikuona ngiri, ni sawa, lakini ngiri ndogo zinajua kujificha mtu akiwa amelala, kwa hiyo ukisikia kitu kinasukuma kiganja, rudi hospitali wakupime ukiwa umesimama.

Kuna jambo moja ambalo ukiliona usijipime tena wala usifanye zoezi lolote: ukiruka kwa mguu mmoja na maumivu yakachoma kama sindano ndani ya kinena, au yakikuamsha usiku hata hujajigeuza. Shingo ya mfupa wa paja, pale unapoingia kwenye nyonga, inaweza kuwa na ufa mdogo. Wenye ufa huo ndio ninaowahofia zaidi kati ya wakimbiaji, vijana wa Kapchorwa na Bukwo wanaopanda na kushuka milima kila alfajiri wakiamini maumivu ni sehemu ya mazoezi. Ufa huo ukikanyagwa unaweza kuvunjika kabisa. Kwa ufa, kupumzika ndiyo tiba, na eksirei ya kwanza inaweza isiuonyeshe.

Wengine wanaosoma hapa wanahitaji hospitali kuliko mpango wangu. Korodani iliyoanza kuuma ghafla na kuvimba ni ya kukimbiza hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu ikijisokota ina saa chache tu kabla ya kufa. Ngiri iliyokuwa inarudi ndani na sasa imegoma kurudi, inauma na mtu anatapika, ni hivyohivyo. Homa, kupungua uzito, jasho la usiku, au mtoki uliovimba usioisha, hayo yapelekwe maabara; kifua kikuu kinapenda nyonga kuliko watu wanavyodhani. Na mwenye ugonjwa wa seli mundu asikubali kuambiwa "ni misuli tu" kabla nyonga haijapigwa picha, kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kukosa damu kikafa taratibu. Hapa Uganda hilo si jambo la kando: uchunguzi wa kitaifa wa watoto wachanga wa 2014 hadi 2015 ulikuta takriban 13 kati ya kila 100 wamebeba chembe ya kurithi ya seli mundu. Kuibeba tu si kuumwa, lakini idadi hiyo inaonyesha kwa nini nauliza swali hilo kila mara. Mama mjamzito mwenye maumivu ya mfupa wa kinena ana mpango wake tofauti, aonwe kliniki ya wajawazito.

Sasa turudi kwako. Ulipumzika miezi miwili na haikusaidia, na wewe umetafsiri kwamba ugonjwa ni mkubwa. Mimi natafsiri vingine. Kano haina damu nyingi, na haijengeki kwa kukaa. Nyuzi zake zinapangika na kukaza pale tu zinapovutwa kwa kiasi, zikapumzishwa siku, zikavutwa tena. Ukiziacha bila kazi maumivu yanatulia, maana hakuna anayezichokoza, lakini uwezo wake unashuka kila wiki. Pikipiki iliyokaa kibandani miezi miwili haiamki na injini kubwa zaidi. Wewe uliitoa kibandani na siku hiyohiyo ukaipakia dakika 45 za kukimbizana na mawinga wa miaka ishirini.

Na ule "uvimbe wa ndani" waliokuambia kliniki? Wiki za kwanza pengine ulikuwepo. Lakini baada ya miezi tisa, kinachoonekana mara nyingi kwenye kano za namna hii ni nyuzi zilizovurugika na kuchoka, si uvimbe wa moto wenye chembe za damu za kupigana. Diklofenaki inazima moto. Pasipo na moto mwingi inatuliza maumivu tu kwa muda, kisha unarudi dirishani kwa nyingine. Nina wasiwasi zaidi na tumbo lako na figo zako kuliko kinena: dawa za jamii hiyo zikitumiwa mfululizo zinaleta vidonda vya tumbo, zinapandisha shinikizo la damu na kuchosha figo, hasa kwa mtu anayeshinda juani bila kunywa maji. Mwambie daktari wako unataka kuziacha. Kama usiku ni mgumu, parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa inatosha watu wengi.

Ushahidi ninaoutegemea ni wa Denmark. Daktari Per Hölmich na wenzake walichukua wanamichezo wanaume 68 wenye maumivu ya muda mrefu kama yako, wakawagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa tiba ya kitandani: mionzi ya leza, kuchuliwa kano, umeme mdogo, na kujinyoosha. Kundi la pili lilipewa mazoezi ya kujenga nguvu, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 8 hadi 12. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999 katika jarida la The Lancet. Kati ya 29 waliomaliza mazoezi, 23 walirudi kwenye michezo yao bila maumivu. Kwenye tiba ya kitandani walirudi wanne kati ya 30. Wengi walikuwa wameumwa zaidi ya nusu mwaka kabla ya kuanza, na walipofuatiliwa miaka 8 hadi 12 baadaye tofauti ilikuwa bado inaonekana. Ni mara chache sana kwenye kazi yetu kuona pengo la namna hiyo. Nasema hivi nikijua kwamba vyumba vingi vya tiba, pamoja na vya wenzangu, bado vinamlaza mgonjwa wa kinena chini ya mashine na kumrudisha wiki ijayo.

Mpango nitakaokupa unafuata njia hiyo, nimeubadilisha vifaa tu. Unahitaji mpira wa miguu, mkeka, kipande cha tyubu ya pikipiki kama ile unayofungia mizigo, kitambaa, na sakafu laini ya saruji.

Kabla ya zoezi la kwanza, kanuni moja ambayo nikikukuta umeivunja tutagombana. Wakati wa zoezi, maumivu ya alama 0 hadi 2 ni salama. Alama 3 hadi 5 unavumilia, mradi asubuhi ya pili kinena hakijawa kibaya kuliko jana yake. Kuanzia 6, punguza nguvu au acha. Asubuhi ndiyo hakimu. Kama umeamka umekaza kuliko kawaida, jana ulizidisha, na leo unafanya nusu yake. Usikatize kabisa, punguza. Wagonjwa wangu wengi wana gia mbili tu, mbio au kitanda, na kazi yangu kubwa ni kuwafundisha zile za katikati.

Wiki mbili za kwanza unabana tu, bila kusogeza kiungo. Lala chali, miguu imenyooka, mpira katikati ya vifundo, bana na ushikilie. Wanamichezo wa utafiti wa Denmark walishikilia sekunde 30 mara kumi. Wewe anza na sekunde 10 au 15, mara tano, kwa nusu ya nguvu zako, kisha ongeza kila siku mbili hadi uifikie ile 30 mara kumi. Halafu kunja magoti, nyayo zikanyage chini, mpira katikati ya magoti, rudia vilevile. Kubana kwa miguu iliyonyooka ni kugumu zaidi kwa kano, kwa hiyo usishangae ukianza na magoti na kuongeza vifundo siku ya nne. Pumua. Nimeona wanaume wazima wanabana mpira mpaka mishipa ya shingo inasimama, wakidhani ni mashindano.

Hapohapo chini fanya na tumbo: mpira ukiwa katikati ya magoti, inua mabega kutoka mkekani na kushuka, mara kumi, pumzika, hadi mizunguko mitano. Fanya mingine ukielekeza bega moja kwenye goti la upande wa pili. Kisha simama kwa mguu mmoja, goti limelegea kidogo, dakika moja kila mguu, mara kadhaa. Ukiwa steji unasubiri abiria unaweza kulifanya hilo la mwisho umeegemea pikipiki yako. Watakucheka siku ya kwanza.

Kuanzia wiki ya tatu tunaingiza mwendo, na hapa ndipo nguvu inapojengwa hasa. Lala ubavu wa kulia, mguu wa kushoto ukunje uukanyage mbele, mguu wa kulia wa chini ukiwa umenyooka uinue kutoka sakafuni, hesabu tatu kupanda, tatu kushuka. Kumi, pumzika, mizunguko mitano. Geuka, fanya mwingine pia, kwa sababu kinena kizima nacho kimekuwa kivivu. Lala kifudifudi, inua kifua polepole kwa ajili ya mgongo. Kisha tyubu: ifunge kwenye nguzo ya nyumba au mti, iwe chini karibu na kifundo, tia mguu ndani, simama mbali kiasi kwamba imevutika, uvute mguu wako kuuvuka mwingine na kuurudisha taratibu. Kurudisha ndiko kunakotibu, kwa hiyo usiiachie tyubu ikakurusha. Geuka upande wa pili, sasa unausukuma mguu nje. Kumi mara tano kila upande. Tyubu ikizoeleka, ikunje mara mbili.

Zoezi la kitambaa ni langu la kupendwa. Soksi au kitambaa chini ya mguu mmoja, mguu mwingine umesimama imara, unateleza kwenda pembeni huku goti la mguu uliosimama likikunjika, kisha unaurudisha ule wa kitambaa kwa kuukokota. Wale wa Denmark walitumia ubao maalumu wa kuteleza, sisi tuna saruji. Usiteleze mbali wiki ya kwanza. Nusu hatua inatosha.

Haya ya mwendo ni siku tatu kwa wiki, tuseme Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku za katikati unarudia yale ya kubana. Jumapili pumzika, na usiende uwanjani hata "kukaa goli tu". Najua vizuri huwa inaishaje. Baiskeli unaruhusiwa tangu mwanzo kama haiumi, na Malaba baiskeli si shida.

Kujinyoosha ambako rafiki yako anakusisitizia, kuache kwa sasa. Kano iliyochokozwa kwenye shina lake inabanwa dhidi ya mfupa unapotanua miguu kwa nguvu, na wengi hupata nafuu ya dakika kumi kisha usiku mbaya. Kwenye utafiti wa Denmark waliojenga nguvu hawakunyoosha misuli hiyo, ilhali waliojinyoosha ndio walioshindwa kurudi. Na yule anayesema utakata mshipa, mwambie tunapandisha uzito hatua kwa hatua kwa sababu hiyohiyo.

Sasa kuhusu kazi yako, jambo ambalo nadhani hakuna aliyekuuliza kliniki. Unapanda pikipiki kutoka kushoto, kama wengi. Maana yake mguu wa kulia ndio unaorushwa juu ya kiti, kila abiria, kutwa nzima. Ukiongeza kupiga kiki kwa mguu huohuo, kubana tangi kwa mapaja kwenye barabara ya murram, na kuutanua mguu ghafla pikipiki inapoteleza kwenye tope, kinena cha kulia kinafanya kazi ya mechi mbili kabla hujavaa jezi. Sikuambii uache kazi. Watoto hawali mazoezi. Weka stendi ya pembeni kwanza, inamisha pikipiki kuelekea kwako, kisha ingiza goti lililokunjwa badala ya kurusha mguu ulionyooka. Kama ina kitufe cha kuwashia, kitumie. Magunia ya mkaa na abiria watatu kwa safari moja, waachie wenzako miezi hii miwili. Ukishindwa kupunguza vyote, punguza safari za barabara mbovu. Na siku uliyobeba mizigo mizito kutwa usiifanye siku ya tyubu, isogeze kesho. Kinena hakijui tofauti kati ya zoezi na kazi. Kinajumlisha tu.

Kila Jumatatu asubuhi rudia kipimo cha sekunde tano na uandike alama. Ukiona imeshuka hadi 2 au chini, na umefika wiki ya sita, unaweza kuanza kukimbia polepole. Mstari ulionyooka, mahali tambarare, dakika chache za kukimbia na chache za kutembea. Alama ikiwa bado 5, hukimbii hata kama kalenda inasema wiki ya kumi. Baada ya hapo mambo yanaongezwa moja moja: kwanza muda, kisha kasi, kisha kugeuka na kukata pembe, na mwisho kabisa kupiga mpira. Pasi fupi za ndani ya mguu zinatangulia, krosi ndefu zinafuata. Krosi inaachwa nyuma kwa sababu mguu unapovutwa nyuma kabla ya kupiga, misuli ya ndani ya paja inakuwa imenyooshwa hadi mwisho na wakati huohuo inalazimika kukaza kwa nguvu. Beki wa pembeni anayependa kupanda kama wewe, hapo ndipo alipoumia, na ndipo atakapoumia tena akiwa na haraka.

Utaniuliza itachukua muda gani. Kwenye ule utafiti, waliopona walirudi michezoni kwa muda wa kati wa wiki 18 na nusu. Nusu yao walichelewa zaidi. Kwa hiyo kama ligi ya steji inaanza mwezi ujao, mwambie kocha atafute namba mbili mwingine, umwambie leo. Wiki tatu za kwanza mara nyingi hazionyeshi chochote, wengine wanaona hata maumivu kidogo mapya ya misuli iliyoamshwa. Hapo ndipo watu wanapoacha. Ukifika wiki ya nane au ya kumi na ile alama yako haijashuka hata moja, huo si uvivu wako, ni ishara kwamba jina la ugonjwa linahitaji kuangaliwa upya. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, kwenu ni Mbale, ulizia kitengo cha fiziotherapia, na uende na karatasi ya alama zako. Karatasi hiyo inamsaidia mtaalamu kuliko ultrasaundi ya mwaka jana.

Kuhusu nguvu za kiume, nafurahi umeuliza, maana wanaume wengi wanabaki na hofu hiyo moyoni wakiacha hata kulala na wake zao. Kano ya paja haina njia ya kuharibu nguvu za kiume, na mazoezi haya hayazipunguzi. Maumivu wakati wa tendo yanaweza kutokea, kwa sababu misuli hiyohiyo inakaza, na mtu mwenye maumivu na mawazo anaweza kupungukiwa hamu; ikipona, hilo nalo linaondoka. Kitu kinachoweza kusumbua sehemu za siri kwa mwendesha boda ni kiti chenyewe: ukikaa saa nyingi kwenye kiti kilichobonyea, mishipa ya fahamu ya katikati ya miguu inabanwa na kuleta ganzi. Simama kila saa, tengeneza kiti. Ganzi ikibaki hata baada ya kushuka, au ikaja pamoja na kushindwa kukojoa na udhaifu wa miguu, usisubiri asubuhi, nenda hospitali usiku huohuo, kwa sababu hapo tatizo linaweza kuwa liko mgongoni.

Ukishapona kuna zoezi moja nataka lisikuache. Linajulikana kwa jina la Copenhagen. Unalala ubavu ukiegemea kiwiko, mwenzako anakushikilia mguu wa juu, mkono wake mmoja kwenye goti na mwingine kwenye kifundo, au unauweka juu ya benchi. Unainua mwili wako kwa nguvu ya ndani ya paja hilo huku mguu wa chini ukipanda kuufuata, kisha unashuka polepole. Ni gumu, usiliguse kabla ya kubana kwako kuwa 0. Anza na goti juu ya benchi, baadaye kifundo. Huko Norway walilijaribu kwa timu 35 za wanaume wa daraja la kati, mara tatu kwa wiki wakati wa maandalizi na mara moja kwa wiki msimu ukianza, na matokeo ya 2019 yalionyesha hatari ya matatizo ya kinena imepungua kwa asilimia 41. Halihitaji kifaa, linahitaji mtu wa pili tu. Wafundishe na wenzako wa steji mlifanye pamoja kabla ya mazoezi ya jioni, maana nina hakika si wewe peke yako pale unayeshuka pikipiki kwa kuuvuta mguu kwa mkono.